Mama Vitufe na Ujumbe wa Boila

Ukitaka kumwona Mama Vitufe amepanda mori, icheke simu yake. Yeye mwenyewe mcheke utakavyo. Cheka miguu yake inayotembea kama imekosana, cheka miwani yake iliyofungwa uzi, atacheka pamoja nawe na atakuongezea la kucheka. Lakini simu, hapana. Jina lenyewe hakupewa na mzazi wala mume. Alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, siku walipogundua kwamba katika watu saba wa zamu ya asubuhi, sita wanapangusa kioo kwa kidole na yeye peke yake bado anabonyeza. Jina likamganda, mpaka wauguzi wa wodini wakawa wanamwita hivyo bila kujua lilitoka wapi.

Simu yenyewe, tusidanganyane, haikuwa na sura. Kifuniko cha nyuma kilishikiliwa na mpira wa kufungia makaratasi. Namba tano ilikuwa imefutika kwenye kitufe chake, ikabaki doa jeusi. Ukitaka herufi s unabonyeza saba mara nne, na kidole kikichelewa kidogo inakuandikia r, unafuta, unasonya, unaanza upya. Ila chaji yake ilikuwa inaanza Jumatatu na kufika Jumamosi ikiwa hai. Iliwahi kutumbukia kwenye beseni la dawa ya kung'arisha mashuka. Mama Vitufe akaitoa, akaifungua tumbo, akaianika juu ya mashine ya kunyooshea, na kabla ya chai ya saa nne ilikuwa inaita. Simu janja ya Fundi Pasi, yule bwana wa kunyoosha mashuka, ilipigwa na mvuke tu siku moja ikazima moja kwa moja. Hiyo hakuna aliyeicheka.

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba kile. Mashuka yalishuka kutoka wodini yakiwa kwenye mifuko, yakachambuliwa, yakafuliwa, yakanyooshwa, yakakunjwa na kurudi juu. Sheria zilikuwa nyingi lakini moja ilizishinda zote: shuka la mama aliyejifungua na kitambaa cha kichanga havifuliwi kwa maji baridi. Hivyo vinataka maji ya moto ya boila na dawa ya kuua vijidudu kipimo kamili. Mama Vitufe aliwafundisha hilo wote sita waliomkuta pale, mmoja baada ya mwingine, na asiyelishika alilishikishwa kwa maneno makali.

Kisha akaja Msimamizi mpya. Mtu wa makamo, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Wiki ya kwanza tu akafungua kundi la kazini kwenye simu janja. Zamu humo, maagizo humo, salamu za rambirambi humo, na picha za yeye mwenyewe akikagua mashine humo humo. Mama Vitufe hakuwemo, kwa kuwa simu yake haikuweza kuwemo.

"Wenzako watakuambia," Msimamizi alimwambia.

Wenzake walimwambia walipokumbuka. Siku moja zamu ilibadilishwa jioni, hakuna aliyekumbuka, na asubuhi yake akaandikiwa barua ya onyo kwa kutofika kazini. Barua ya kwanza katika miaka ishirini na sita! Alipanda nayo ngazi hadi kwa Muuguzi Mkuu, akaiweka mezani, akasema, "Mimi sikukataa kazi. Nimekatazwa habari." Muuguzi Mkuu, mama wa maneno machache, akaamuru kwamba kila agizo linaloingia kundini, Msimamizi amtumie na huyu mama kwa ujumbe wa kawaida.

Msimamizi aliona hiyo ni kero ya mwaka. "Mtu mmoja ananirudisha zama za mawe," alilalamika mbele ya watu, "na bado nimwandikie peke yake kama mchumba." Wote wakacheka, Fundi Pasi akicheka kuliko wote. Mama Vitufe aliendelea kukamua kitambaa alichokuwa nacho hadi kikakauka mkononi.

Sasa, msidhani aliiona simu yake kuwa haina ila. Aliichukia vilevile, kwa jambo moja. Binti yake aliolewa mbali, safari ya siku mbili, na huko akajifungua mtoto wa kwanza. Picha za mjukuu zilikuwa zinasafiri kila siku, zinafika kwa mashangazi, kwa majirani, hata kwa kinyozi wa mume, lakini kwa bibi mzaa mama hazikufika. Mashavu, yule dada wa kuchambua mashuka, aliwahi kuzipokea mbili kwenye simu yake, akamwonyesha mara moja, kisha akazifuta ili apate nafasi ya video za harusi ya watu asiowajua. Roho ilimuuma Mama Vitufe, na ilimuuma kwa muda mrefu.

Basi binti akaanza kumwandikia. Yale ambayo wengine walipata kwa picha, yeye aliyapata kwa maneno. *Mama, leo amecheka akiwa usingizini. Mama, nywele zake za mbele zimepukutika, anafanana na baba. Mama, leo ameota jino. La chini, kushoto. Kama punje ya mchele. Ameshaning'ata nalo.* Huo wa jino ulikuja siku ya Alhamisi akiwa amesimama kwenye mashine, na aliusoma mara nyingi hadi Fundi Pasi akauliza kama ameitwa kwenye urithi.

Shida ni kwamba simu ile ilikuwa inashika ujumbe mia moja tu. Ikijaa, bahasha ndogo juu ya kioo inaanza kupepesa, maana yake kuna ujumbe mwingine umesimama mlangoni na hauwezi kuingia mpaka mmoja ulio ndani utoke. Kwa hiyo Mama Vitufe alikuwa na utaratibu wake. Ujumbe wa binti unabaki. Ujumbe wa Msimamizi unasomwa, unatekelezwa, unafutwa. Kitufe cha kufutia alikuwa anakibonyeza kwa raha, na hakuwa anaficha.

Jumanne moja, saa moja na dakika arobaini asubuhi, simu ililia mfukoni mwa aproni. *Boila isiwashwe wiki hii. Mashuka yote maji baridi, ya wazazi pia. Dawa nusu kipimo. Msimamizi.*

Akainua macho. Wenzake sita nao walikuwa wamekodolea vioo vyao, wanasoma maneno yaleyale kundini. Kila mtu alijua chanzo: Msimamizi alikuwa amewaahidi wakubwa ripoti ya kubana matumizi, na mafuta ya boila ndiyo yaliyokuwa yanamharibia hesabu. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama Vitufe akavua glavu, akaanza kubonyeza, saba mara nne, saba mara nne, mpaka akaandika: *Ya wazazi pia? Una hakika?*

Jibu lilikuja kabla hajavaa glavu. *Fanya ulivyoambiwa mama.*

Na alifanya. Hapo ndipo pa kumkasirikia, na yeye mwenyewe alijikasirikia kuliko sisi. Mama wa miaka ishirini na sita kazini, aliyewafundisha wengine, alifungua bomba la maji baridi akatia mashuka ya wodi ya wazazi na dawa nusu kikombe. Alijiambia kwamba ameuliza na amejibiwa. Alijiambia kwamba ni wiki moja tu. Lakini hasira haikumtoka, na kwa ajili ya hasira hiyo, kwa mara ya kwanza, kidole chake hakikubonyeza kufuta. Alitaka maneno yale yakae pale, ayaone.

Bahasha ikaanza kupepesa. Nafasi imejaa. Ili ujumbe wa Msimamizi ukae, wa binti utoke, hapakuwa na njia ya tatu. Alipitia mmoja mmoja. Wa kucheka usingizini, hapana. Wa nywele, hapana. Akafika kwenye ule wa jino, akausoma polepole, akajiambia kwamba huu anaujua kwa moyo, hata ukiondoka haupotei. Akaufuta. Kisha akamtukana Msimamizi tusi ambalo sitaliandika hapa, maana huenda watoto wanasoma.

Hazikupita wiki mbili, wodi ya wazazi ikaingiwa na balaa. Akina mama walianza kujikuna migongo, vichanga vikatoka vipele shingoni, na wawili waliojifungua kwa upasuaji vidonda vyao vikafanya usaha. Walipona wote, namshukuru Mungu, lakini mmoja alilala pale siku ishirini akimnyonyesha mtoto kwa upande mmoja kwa sababu ya maumivu. Daktari alipouliza mashuka yamefuliwaje, swali likateremka ngazi hadi chini, na asubuhi moja Msimamizi akaingia chumba cha kufulia na karatasi iliyokwisha chapwa.

*Sisi wafuaji wa zamu ya asubuhi tunakiri kwamba kwa uzembe wetu hatukuwasha boila.* Chini yake mistari saba ya kutia sahihi.

"Atakayesaini atapata onyo tu," alisema, sauti laini kama mafuta. "Asiyesaini, nyumbani. Mimi nawatetea, mjue."

Akaiacha karatasi juu ya meza ya kukunjia, akatoka. Wote sita wakakimbilia simu zao. Pale palipokuwa na agizo la boila kundini, pameandikwa maneno manne madogo ya kijivu: *Ujumbe huu umefutwa kabisa.* Msimamizi alikuwa ameufuta kwake, na ukafutika kwa wote.

"Tumekwisha," alisema Mashavu.

"Tumekwisha kivipi?" Mama Vitufe aliuliza. "Si mliusoma?"

"Tuliusoma, lakini haupo. Angalia mwenyewe, Mama." Fundi Pasi alimsogezea kioo usoni.

"Umefutwa kwenye simu. Na kichwani mwako je, kaingia huko pia akafuta?"

"Mama, nani atatuamini kwa mdomo mtupu?"

"Watu sita mnasema neno moja, huo ni mdomo mtupu? Haya, na mimi ninao. Wangu huu hapa, haukufutika. Twende wote saba."

Alitoa simu, akaiinua. Walitazamana. Unajua walichokiona? Mpira wa makaratasi na doa la namba tano. Fundi Pasi alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kumtia mtu wazimu.

"Mama, hiyo si ya kupeleka mbele ya wakubwa. Watatucheka. Mimi nina watoto, acha nisaini yaishe."

"Una watoto!" Sauti ilimtoka ikagonga bati. "Na wale wanaojikuna kule juu wana nini, mbuzi? Mashuka mmefua, ujumbe mmesoma, na sasa mnasaini kwamba ni uzembe wenu, kwa nini? Kwa sababu simu imewaambia msahau, na nyinyi mkasahau! Simu zenu zina akili, nyinyi zenu mmezipeleka wapi?"

Walisaini. Mmoja mmoja, wakipokezana kalamu, bila kumtazama. Mstari wa saba ukabaki mweupe.

Kesho yake aliitwa ofisini. Nyuma ya meza walikaa Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu na karani wa kuandika. Msimamizi alikaa pembeni, simu yake kubwa ameilaza mezani kama mtu aliyekuja na kitambulisho. Mama Vitufe hakukaribishwa kiti, akavuta mwenyewe.

"Wenzako wamekiri," alianza Mganga Mkuu. "Wewe umekataa. Kwa nini?"

"Kwa sababu si uzembe. Tuliagizwa."

Msimamizi alicheka kwa pua. "Mheshimiwa, huyu mama hayumo hata kwenye kundi la kazini. Hapati agizo lolote. Ameagizwa na nani, na upepo?"

Hapo, wallahi, alijifunga kamba mwenyewe. Muuguzi Mkuu aligeuka akamtazama kwa muda. "Mimi si niliamuru awe anaandikiwa?"

Mama Vitufe aliweka simu mezani akaisukuma mbele. Muuguzi Mkuu alivaa miwani, akasoma kwa sauti, tarehe, saa, agizo la boila, swali la mama, na lile jibu la *Fanya ulivyoambiwa*. Karani aliacha kuandika.

"Huo umetungwa," Msimamizi alisema haraka. "Mtu yeyote anaweza kuandika 'Msimamizi' mwisho wa ujumbe. Simu za namna hii hata hazionyeshi picha ya mtu."

"Zinaonyesha namba," alisema Muuguzi Mkuu, na akabonyeza kitufe cha kijani.

Kisha ile simu kubwa pale mezani ikaanza kutetemeka na kuimba, kioo kikawaka, na jina la anayepiga likatokea kwa herufi nene ambazo kila mtu aliziona: KERO. Miezi yote hiyo amemwandikia mama mtu mzima, na ndivyo alivyomhifadhi. Msimamizi alinyoosha mkono kuizima, akakosea, akaipokea, na sauti ya chumba chote ikajirudia masikioni mwake.

Mama Vitufe alisimama. "Kero. Haya. Sasa kero inasema, na karani aandike. Andika kwamba huyu bwana aliagiza. Andika kwamba watu sita walisoma wakanyamaza. Na mimi niandike pia. Niliuliza mara moja, nikajibiwa vibaya, nikafua kwa maji baridi mikono yangu hii. Ningeweza kupanda ngazi hizi siku ileile. Barua yangu ya onyo nilijua kuipandishia ngazi, mashuka ya wazazi sikujua. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Karani alimtazama Mganga Mkuu. Mganga Mkuu akaitikia kwa kichwa, na karani akaandika.

Walipomaliza, Mganga Mkuu alitaka simu ibaki kabatini kama ushahidi. Mama Vitufe aliichukua kabla sentensi haijaisha.

"Hapana, baba. Humu kuna mjukuu wangu."

"Kuna nani?"

"Nakili. Kalamu unayo, karatasi unayo. Mimi nasubiri."

Ikabidi karani anakili herufi kwa herufi, wote wakatia sahihi, na hata nukta hazikurukwa. Msimamizi aliondolewa pale wiki hiyohiyo. Msifurahi sana, kwani baada ya mwezi alisikika anasimamia stoo ya hospitali, shati limenyooka, na amefungua kundi jipya. Mama Vitufe alipewa onyo kali kwa sehemu yake. Alilisoma lote, akalikunja, akasema hilo ni lake na analistahili, tofauti na lile la kwanza.

Wenzake walirudi kazini wakiwa wapole kupita kiasi. Siku ya tatu wakamletea kiboksi kimefungwa karatasi ya kung'aa. Ndani mlikuwa na simu janja, mpya, kioo kipana.

"Tumechanga, Mama," alisema Mashavu, macho chini. "Ili na wewe uone picha za mjukuu. Na utusamehe."

Aliigeuza mkononi. Nisiwafiche, aliitamani, na kidole kilipita juu ya kioo mara moja. Kisha akairudisha ndani ya kiboksi.

"Siku ile sikuwaomba simu. Niliwaomba midomo yenu, na mlikuwa nayo bure. Hii nitanunua mwenyewe nikitaka, na kundini kwenu sitaingia." Akavuta mfuko wa mashuka ya wodi ya wazazi, akaufungua. "Fundi Pasi, boila imefika nyuzi ngapi?"

"Tisini, Mama."

"Mfikishie mwenzio, asisubiri kuandikiwa."

Saa nne, wengine walipoenda kunywa chai, alibaki ameketi kwenye mfuko wa mashuka. Bahasha ilikuwa inapepesa tangu jana. Akafungua ule wa boila, akaufuta. Akafungua wa *Fanya ulivyoambiwa*, akaufuta, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mlango ulipofunguka, ujumbe uliokuwa nje ukaingia.

*Mama, simu yangu imekufa na kila kitu, picha zote za mtoto zimekwenda. Hii ni ya kuazima. Naandika daftari lake upya. Jino la kwanza lilikuwa lipi, na siku gani? Nimesahau kabisa. Ule ujumbe bado unao?*

Akajifuta mikono kwenye aproni, akaanza kubonyeza. Alipofika kwenye s aliikosa mara mbili, akasonya, akarudia.

*Sinao. Andika: la chini, kushoto. Alhamisi. Kama punje ya mchele. Alikung'ata.*